Mara ya Tatu

Kijana wa kampeni alipokuja kuomba jiko, Marlys Tveit alikuwa akishusha maji kwenye gari. Kijana alikunja mikono ya shati lake jeupe, akabeba madumu mawili mpaka kwenye ngazi za jikoni, wala hakuuliza kwa nini nyumba yenye kisima na pampu yake inaletewa maji kwa gari. Marlys aliliona hilo, akasema moyoni kwamba kijana huyu ana adabu. Sisi watu wa huku tumejaliwa kipaji hicho, cha kuita adabu kitu ambacho kwingine kingepewa jina lake.

Kijana alijiita Preston. Alieleza akiwa amesimama kwamba Mheshimiwa Loren Myhre, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, anagombea tena kiti chake, na safari hii mpinzani wake amemkaba koo. Anapita akiwaambia watu kuwa Loren amekuwa bwana wa mjini, hajui hata bei ya maziwa. Kwa hiyo wanataka kutengeneza tangazo la televisheni: Loren kwao Nordby, Loren mtoto wa dereva wa lori la maziwa, Loren katika jiko ambamo mama yake alimfundisha haki na kweli. Na jiko lenyewe ndilo hili. Marlys na mumewe Verlyn waliinunua nyumba hii baada ya Ardis Myhre, mama yake Loren, kufariki.

"Ni nusu siku tu, mama," alisema Preston. "Hata hamtatusikia."

Marlys alimkaribisha kahawa. Preston akasema hapana, asante. Akamkaribisha tena, akasema hapana. Akamkaribisha mara ya tatu, na Preston, ambaye hakuwa mtu wa huku, akasema hapana tena na kuangalia simu yake. Marlys akabaki na birika mkononi, hajui aliweke wapi. Kwetu hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni heshima, na ya tatu ndiyo jibu. Mgeni hukaribishwa mara tatu, na mgeni mwenye malezi hukataa mara mbili. Mtoto wa Nordby hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Basi waambie waje," Marlys alisema.

Akafunga mlango. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Marlys hakuujua msemo huo, lakini siku ile aliuamini kwa moyo wake wote.

Maana nyumbani mle mlikuwa na mtu wa kupona. Verlyn alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chake cha kuegemea, blanketi magotini, akiangalia mashine za kuvuna soya zikitimua vumbi katika shamba ambalo zamani alikuwa akilivuna mwenyewe. Ng'ambo ya reli kulikuwa na kiwanda kilichopaka sufuria ile dawa ya kufanya chakula kisigande. Kwa miaka mingi kiwanda kilimwaga mabaki yake ardhini, na ardhi ikayapeleka kwenye visima vya watu. Loren Myhre ndiye aliyekishtaki na kukishinda. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na tusimpunje, ilikuwa kweli. Fidia ililaza bomba la maji safi likapita Nordby nyumba kwa nyumba mpaka kwenye daraja la kijito cha Knutson. Hapo likaishia, na ng'ambo ya daraja ilibaki nyumba moja tu yenye watu, hii yao.

Mwaka uliofuata Verlyn alitolewa figo. Daktari alimwambia ile iliyobaki ilindwe kama mboni ya jicho, na kwamba maji ya kisima kile yasipite tena kinywani mwake, hata kwenye kahawa. Kuchemsha hakusaidii, alisema, maana dawa ile haifi kwa moto, inazidi kukolea. Wahame? Nani atainunua nyumba yenye maji ya sumu. Walipiga simu kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wakashukuriwa kwa kupiga, wakapiga tena wakashukuriwa tena. Kitu kimoja tu walikielewa vizuri: ofisi hiyo ndiyo iliyochora mpaka wa bomba, na mkubwa wake akitaka anaweza kuusogeza mpaka huo kabla mwaka haujaisha, kwa neno moja. Mwaka ukiisha fidia inafungwa, na daraja linabaki daraja.

"Loren anakuja," Marlys alimwambia mumewe. "Hapa hapa jikoni."

Verlyn alilifikiria jambo hilo. "Mpe glasi ya maji ya kisima chetu, mama," alisema. "Akishakunywa, hakuna neno la mpinzani litakalomganda tena."

Marlys alicheka kwa sababu ilikuwa siku nyingi Verlyn hajafanya mzaha.

*

Maji ya kunywa na ya kupikia waliyachota kanisani. Nje ya kanisa, karibu na mlango wa chumba cha chini, palikuwa na bomba la kumwagilia maua, na mchungaji alikuwa amesema chukueni, maji ni ya Mungu. Lakini mchungaji alihamishwa, na maji yakarudi kuwa ya baraza la kanisa.

Juma hilo Marlys alipokuwa anajaza dumu la nne, alitokea Duane Opsahl, mwenyekiti wa baraza, mtu mpole mwenye kofia ya kampuni ya mbegu. Alisimama akaongea habari za mavuno. Akaongea habari za upepo. Akamuulizia Verlyn, akaambiwa anaendelea vizuri. Marlys alijua kuna jambo, kwa sababu Duane alikuwa amefika kwenye upepo mara mbili.

"Kuna watu wameuliza kuhusu bili ya maji," Duane alisema hatimaye, akitazama mnara wa kanisa. "Si mimi, Marlys. Mimi sina neno."

"Najua huna neno, Duane."

"Ni kuuliza tu. Na baridi ikianza, lile bomba la nje huwa tunalifunga. Sasa sijui mtafanyaje."

"Aa, tutaona," alisema Marlys. "Usitufikirie sisi."

Dumu lilikuwa limejaa na maji yanamwagikia viatu vyake. Aliyafunga, akamsaidia Duane kubadilisha mazungumzo, na alipokuwa anaendesha kurudi nyumbani uso ulikuwa unamwaka kwa aibu. Alikuwa amefanya kazi katika chumba kile cha chini miaka yote, mazishi ya nani hakuyapikia, na sasa anahesabiwa maji ya maua.

Usiku huo, wakati wa kula, Verlyn alimuuliza kama kweli atamwambia Loren.

"Akiniuliza, nitamwambia."

"Na asipokuuliza?"

"Ataniuliza. Ardis alimlea vizuri."

Marlys alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa mpishi wa shule ya Nordby wakati Loren ni kitoto chenye masikio makubwa, na alimpakulia chakula kila mchana. Loren, utaongeza viazi? Hapana, asante. Vichache tu? Hapana, nimeshiba. Haya basi, kijiko kimoja? Ndipo kitoto kile kilipoinua sahani. Watoto wengine walikuwa wakidaka tu, lakini mtoto wa Ardis hakukosea hata siku moja. Marlys aliikumbuka sahani ile ikiinuka, na kwa kumbukumbu hiyo akalala usingizi mzuri kuliko kawaida.

Maneno ya kumwambia aliyaandaa akiwa anaosha vyombo. Yawe machache, yasiwe kilio, yasiwe lawama. Loren, tunaomba utuvushie maji darajani. Basi, hayo tu. Aliyasema kimya kimya mpaka yakalainika mdomoni.

*

Siku ya siku walikuja na magari matatu. Walimsifia Marlys jiko lake, hawajapata kuona jiko zuri kama hili, kisha wakaanza kuliondoa. Picha za wajukuu zikatolewa kwenye mlango wa friji. Kalenda ya duka la mbegu ikashushwa, na mahali pake ikatundikwa picha kubwa ya Ardis Myhre waliyokuja nayo wenyewe. Kisanduku cha dawa za Verlyn kikatupiwa kwenye droo ya vijiko. Madumu ya maji yaliyokuwa chini ya dirisha yakapelekwa barazani nyuma, maana binti mmoja mwenye waya shingoni alisema yanafanya pafanane na kambi. Kila walipoondoa kitu walimuuliza Marlys kama ana neno, na kila mara akasema hana.

Verlyn alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa amejinyoa mwenyewe tangu alfajiri, akajikata kidogo kidevuni, akabandika kipande cha karatasi. Aliketi kwenye kiti chake mezani, mikono juu ya meza, tayari. Preston akachuchumaa karibu naye.

"Mzee, si ungependelea kupumzika chumbani? Taa hizi ni kali sana."

"Taa hazinisumbui."

Preston alimtazama Marlys kuomba msaada, akaukosa. "Ni rangi yako, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye kamera."

Verlyn aliitazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya majivu ya jiko. "Haya," alisema. "Nisije nikamharibia kura zake." Akainuka bila kushikwa na mtu, akaenda chumbani, akaufunga mlango taratibu. Ule utaratibu wa mlango ulimuuma Marlys kuliko kama angeubamiza.

Ndipo alipojikaza akamwambia Preston habari za bomba, si kwa kuomba, kwa kudokeza tu, kwamba liliishia pale darajani na wao wako huku. Preston alikuwa anazijua habari hizo. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeulizwa swali alilolisoma jana.

"Lakini mama, mpaka ule ndio fahari yake," alisema. "Angeyavusha maji mpaka nyumba ya mama yake, watu wangesemaje? Wangesema amejipendelea. Makusudi hakuigusa."

"Mama yake hayupo. Tupo sisi."

"Nakuelewa kabisa," alisema Preston. "Lakini kwenye televisheni ni nyumba ya mama yake."

 Marlys alijiambia kwamba huyu ni kijana tu, wa mbali, na hata kahawa hajui kuikataa. Mwenyewe anakuja, na mwenyewe ni wa hapa.

Na mwenyewe akaja. Loren Myhre alikuwa mtu mrefu, masikio yake yamepungua ukubwa au kichwa ndicho kilichoongezeka, na koti la turubai alilovaa lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Alimkumbatia Marlys mlangoni, akamuulizia mikate ya viazi aliyokuwa akipika wakati wa Krismasi, akasimama mbele ya picha ya mama yake kimya, na machozi yaliyomlenga yalikuwa ya kweli. Tusimwonee. Mtu anaweza kuwa na machozi ya kweli na mengine yote yakabaki vilevile.

"Kahawa?" Marlys alimwuliza.

"Usijisumbue, Bi Marlys."

"Ipo tayari, ya moto."

"Hapana, kwa kweli, nimekunywa njiani."

"Nusu kikombe."

"Haya," alisema Loren akitabasamu, "nusu kikombe hakikataliwi."

Marlys aliona moyo wake unashuka mahali pake. Alimimina mpaka karibu na ukingo. Loren alikipokea kikombe, akakitazama ndani, kisha akatupa jicho kwenye kioo cha mlango wa nyuma, ambako madumu yalikuwa yamepangwa barazani. Alipokwisha kuyaona, akanywa. Marlys aliliona jicho lile likienda na kurudi. Aliamua kutoliona.

Walimpiga picha akiwa ameegemea meza, wakampiga akitazama dirishani. Walimweka kwenye sinki afungue bomba la kisima, ajaze glasi, aiinue kwenye mwanga na kusema maneno yake kuhusu maji safi kwa kila mtoto wa Nordby. Alisema vizuri sana. Mwongozaji akamwomba anywe funda moja. Loren akacheka, akasema glasi ikiinuliwa inatosha, watu wa huku si wa kujionyesha, na akaimwaga glasi ile ndani ya sinki kwa uangalifu, asijirushie.

Kisha mwongozaji akataka mazungumzo ya kawaida, yeye na mama mwenye nyumba, waongee tu kama kamera hazipo. Wakamsimamisha Marlys karibu na jiko, wakamwambia asitazame taa. Loren akamgeukia. Akamshika mikono yote miwili.

"Bi Marlys," alisema, "kuna jambo lolote naweza kuwafanyia wewe na Verlyn?"

Swali ndilo lilelile. Lilikuja lenyewe, kama alivyomwambia Verlyn litakavyokuja. Marlys alihisi maneno yake yakipanga foleni nyuma ya meno, Loren, tunaomba utuvushie maji darajani. Na kwa kuwa alilelewa alivyolelewa, na kwa kuwa mama yake na bibi yake walilelewa hivyo hivyo, mdomo wake ukatangulia.

"Aa hapana, sisi tuko sawa. Hatuna shida yoyote."

"Una hakika?"

"Hapana, kweli, Loren. Wewe una watu wengi wa kuwaangalia."

Alivuta pumzi. Hiyo ilikuwa ya pili. Alikuwa amefika mahali pa kusema, na alimtazama Loren usoni akiingojea ile ya tatu, mikono yake bado iko ndani ya mikono ya yule kitoto wa viazi. Loren naye alikuwa anamtazama. Alimtazama kwa kitambo, si kirefu, lakini kinachomtosha mtu yeyote wa Nordby. Marlys ataapa mpaka kaburini kwamba alimwona akihesabu.

"Vizuri," Loren alisema. Akamwachia mikono.

"Safi sana," mwongozaji akasema nyuma ya taa. "Tumeipata."

Watu wakaanza kukunja waya. Marlys alibaki pale pale walipomsimamisha. Alipozinduka Loren alikuwa ameshatoka nje, na yeye akakamata bakuli la keki za vipande alizooka asubuhi, akalifunika kwa karatasi ya foili, akamkimbilia mpaka kwenye gari. Chini ya bakuli kulikuwa na utepe wenye jina lake, TVEIT, kama ilivyo kwa mabakuli yote ya huku, ili lijue njia ya kurudi.

"Chukua ukale njiani," alisema akihema.

"Usijisumbue, Bi Marlys."

"Nimekuokea wewe."

"Hapana, jamani, mle nyinyi."

"Chukua, Loren," alisema Marlys, na sauti ilimponyoka ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Tafadhali."

Loren akalichukua. Akashukuru, akamwambia amsalimie sana Verlyn, akasikitika hakumwona. Gari likapita daraja. Marlys alimwuliza mara tatu mtu aliyemwuliza yeye mara mbili, na sasa bakuli lake pia limekwenda.

Chumbani Verlyn alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na viatu vyake miguuni.

"Umemwambia?"

"Aliuliza mara mbili tu."

 Verlyn alijibandua kile kikaratasi cha kidevuni, akakikunja kikawa kidogo kabisa. "Pengine alikuwa na haraka," alisema.

"Hakuwa na haraka."

"Basi ungesema tu, mama. Ungesema kwenye ile ya pili."

Marlys alijua hivyo. Alijua tangu alipokuwa amesimama kwenye zile taa, na angejua kila siku mpaka mwisho wake. Mtu hukaa na umri wote huu akifundishwa jinsi ya kutoonekana ana shida, kisha siku moja anatakiwa aonekane, asijue aanzie wapi.

*

Tangazo lilitoka wakati wa taarifa ya habari. Lilianza na lori la maziwa, likaja na Ardis, likaja na glasi imeinuliwa kwenye mwanga. Sauti nzito ikasema kwamba Loren Myhre alipigania maji safi bila kumpendelea mtu, hata nyumba alimozaliwa hakuipendelea. Kisha likaja jiko, na Marlys mwenye blauzi ya buluu, mikono yake ndani ya mikono ya Mwanasheria Mkuu, akiliambia jimbo zima: sisi tuko sawa, hatuna shida yoyote. Muziki ukapanda.

Hawakuzima televisheni. Lilirudi tena baada ya habari za hali ya hewa. Simu nazo zikaanza, binamu, watu wa kwaya, wenzake wa jikoni shuleni, wote wakimpongeza jinsi alivyopendeza na jinsi alivyoongea bila woga. LaVonne, jirani wa upande wa pili wa daraja, alisema amelia. Marlys alimshukuru kila mmoja wao, akisimama karibu na ukuta.

Hata hivyo alikuwa bado na tumaini moja, na lilikuwa la bakuli. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, wala halirudishwi bila neno. Ukiletewa bakuli unamkaribisha aliyelileta, mnaketi, na pale mezani mambo huongeka. Aliwaza huenda Loren, kura zikishapita na hana tena wa kumwogopa, atakumbuka utepe ule. Kura zikapita. Loren alishinda, na Nordby ilimpa kura nyingi kuliko mji wowote wa ukubwa wake. Bakuli likarudi juma hilo hilo. Marlys alilikuta asubuhi kwenye ngazi ndani ya mfuko wa karatasi, limeoshwa likang'aa, tupu. Walioliosha walibandua mpaka ule utepe.

Aliliingiza ndani, akaliweka kabatini. Kisha akapakia madumu kwenye gari, maana maji yaliyobaki yalikuwa robo dumu na chupa moja ya dukani iliyowekwa kwa ajili ya dawa za Verlyn.

Baridi kavu ilikuwa imeshika, theluji bado. Kanisani, kwenye lile bomba la nje, palikuwa na kufuli jipya. Duane Opsahl alikuwa kwenye ngazi akibadilisha balbu ya mlangoni. Akashuka, akavua glavu ili wasalimiane.

"Tulikuona," alisema, na furaha yake ilikuwa ya ukweli. "Mke wangu alisema ile buluu imekukaa sana."

"Mwambie nashukuru."

"Na tulishukuru Mungu, Marlys. Maana tulikuwa na wasiwasi na nyinyi. Kumbe mambo yamekaa sawa." Alilitazama kufuli, akatazama mnara. "Baraza lilikaa. Kwa kuwa mko sawa sasa, tukaona tulifunge mapema, lisije likapasuka kwa barafu. Ila kama mna haja, sema tu."

Madumu yalikuwa yanaonekana nyuma ya gari, matupu, yote. Duane aliyaona. Marlys alimwona akiyaona.

"Hapana," alisema Marlys. "Nilikuwa napita tu."

"Kweli?"

"Kweli, Duane. Tuko sawa."

Duane alikuwa mtu mwema, na siku nyingine yoyote angeuliza tena. Lakini alikuwa ameshamsikia Marlys akijibu mbele ya jimbo zima. Akavaa glavu zake, akapanda ngazi.

Akirudi, Marlys alipunguza mwendo mbele ya nyumba ya LaVonne. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na LaVonne mwenyewe alikuwa kwenye sinki lake, bomba linamwaga maji juu ya viazi. Kilichotakiwa ni kuingiza gari uani, kugonga mlango na kusema. LaVonne angempa maji mpaka ayaache. Marlys alishika usukani kwa nguvu akingoja mikono yake ikate kona, na mikono haikukata. Daraja likalia chini ya magurudumu.

Nyumbani alimmiminia Verlyn maji ya dukani kidogo kwenye glasi, akamsimamia mpaka akameza dawa zote. Aliifunga ile chupa. Lile dumu la robo lilikuwa limekwisha kwa supu ya mchana. Basi akachukua birika, akalipeleka kwenye sinki, akafungua bomba. Maji ya kisima yalitoka meupe, mazuri, yasiyo na harufu, kama yalivyokuwa siku zote. Alijiambia anajipikia mwenyewe tu.

Kahawa ilipochemka ilinukia nyumba nzima. Verlyn alikuja jikoni akiburuza viatu, akaketi kwenye kiti chake, akayatazama madumu matupu pale mlangoni, akalitazama birika. Kikombe chake kilikuwa mezani. Marlys hakutaka kumuuliza, lakini mtu ameketi mezani kwako na kahawa ipo.

"Utakunywa?" alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama. Niko sawa."

"Kidogo tu?"

"Hapana."

Marlys akafurahi, akalirudisha birika juu ya jiko, akasimama amelipa mgongo meza. Ya tatu hatauliza. Aliuma midomo yake ili asiiulize. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alielewa jinsi ilivyo rahisi kutouliza.

Nyuma yake kikombe kilisogezwa juu ya meza, taratibu, mpaka ukingoni.

"Bado moja, Marlys," alisema Verlyn. Alikuwa amechoka, na hakuwa anatania. "Wewe angalau niulize."

Akageuka, akamuuliza. Verlyn akasema ndiyo.